Namba 2 kaumia, kocha kaita namba 10. Wewe ungefanyaje?

FundiBaridi (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wana barza.

Najua hapa raga haina wenyewe. Ukiitaja maskani mtu anakuuliza, ndio ule wa Wamarekani wenye helmeti? Sio ule. Mimi mwenyewe nimeijua kwa bahati tu. Ni fundi wa viyoyozi, na usiku wa Oktoba 28, 2023 nilikuwa juu ya ngazi ndani ya baa ya hoteli moja huku mashariki ya Unguja. Saa nne ya usiku, kiyoyozi kinadondosha maji juu ya meza ya wageni, na wageni hawataki kuhama kwa sababu runinga iko palepale. Fainali ya Kombe la Dunia la raga, Paris, Afrika Kusini na New Zealand. Kazi niliimaliza dakika ya ishirini hivi. Sikushuka. Nilikaa ngazini mpaka kipenga cha mwisho, 12-11, nateremka miguu imeshakufa ganzi.

Toka siku ile nafuatilia. Sasa mataifa yanajipanga kwa Kombe la 2027 kule Australia, timu 24 safari hii, na Zimbabwe wamo baada ya kuwafunga Namibia 30-28 Kampala mwaka 2025. Kila siku nasoma watu wanabishana nani aitwe nani aachwe. Nikakumbuka kisa kimoja nataka tukijadili, maana kinatuhusu na sisi.

Agosti 2023 Afrika Kusini wametangaza watu 33. Sasa kwenye raga huanzi na majina. Unaanza na kazi. Namba 1, 2 na 3 ndio mstari wa mbele, wale wanaotia vichwa kwenye skramu, watu wanane wanasukumana na wanane. Pale hapaingii mtu asiyefunzwa, shingo inavunjika. Sheria inataka kwenye wachezaji 23 wa siku ya mechi, sita wawe wa mstari wa mbele. Ukiishiwa nao, skramu inageuka ya kuegemeana tu, hakuna kusukumana, na nguvu yako yote imekwisha. Kwa hiyo kabla kocha hajamfikiria nyota hata mmoja, nafasi chungu nzima zimeshaliwa na watu wa kazi nzito.

Akamuacha Handré Pollard, namba 10, mpiga mateke aliyewapa kombe 2019, kwa sababu kigimbi kilikuwa kinamuuma. Akamuacha Lukhanyo Am kwa goti. Akachukua namba 9 wanne, wale wanaoutoa mpira nyuma ya skramu! Watu wakapiga kelele.

Mechi ya kwanza imepita, mazoezini Malcolm Marx, namba 2 bora kabisa, goti limekwenda. Na ukishamtoa mtu kwenye orodha kwa jeraha, harudi tena. Sasa umebakiwa na namba 2 mmoja wa kweli, Bongi Mbonambi, na Deon Fourie ambaye kazi yake hasa ni ya pembeni ya skramu ila namba 2 aliwahi kuicheza. Kila mtu akasema ataitwa namba 2 mwengine. Kocha akamwita Pollard. Namba 10!

Ingekuwa wewe?

Kahawa_Chungu

Mie suali langu moja. Umekaa ngazini saa nzima na bosi wako hajakuuliza?

FundiBaridi

Alikuwa kakaa chini ya ngazi, anaishikilia huku anaangalia yeye.

Shangani77

Fundi, kisa kizuri lakini mimi nakupinga kabla hujafika mbali. Fainali hiyo na mimi niliiona. Mbonambi katoka dakika za mwanzo tu, hata watu hawajakaa vizuri. Kaingia Fourie, mtu wa miaka 37, kacheza karibu mechi nzima nafasi ambayo si yake. Mipira ya kurusha kutoka pembeni ikawa inapotea, unaona kabisa wanahangaika. New Zealand walikuwa 14 kwa kadi nyekundu ya kapteni wao, Sam Cane, na bado walikosa mateke mawili ambayo lolote kati ya hayo lingewapa kombe.

Na huyo kocha wako benchi kaweka watu saba wazito na mmoja tu wa nyuma. Namba 9 wa akiba hana, namba 10 wa akiba hana. Angeumia Pollard dakika ya 10 je? Leo tungekuwa tunamwita mwendawazimu. Huo si upangaji wa kikosi, hiyo ni dua ya mama yake.

FundiBaridi

Shangani, dua sikatai. Lakini hebu tuhesabu.

Makundi: wamefungwa na Ireland 13-8, na siku ile mateke waliyoyakosa peke yake yangegeuza mechi. Manie Libbok, namba 10 aliyekuwepo, mikono yake dhahabu, ila mguu siku nyengine unagoma. Halafu robo fainali na Ufaransa 29-28. Nusu na Uingereza 16-15. Fainali 12-11. Mechi tatu za mtoano, kila moja pointi moja! Ile ya nusu fainali ni penalti ya Pollard dakika mbili kabla ya mwisho, kaipiga kutoka karibu na katikati ya uwanja, mvua imenyesha. Pointi 12 zote za fainali ni zake, penalti nne.

Kocha alikuwa na matundu mawili na kiraka kimoja. Tundu la namba 2 alikuwa na mtu wa kulishikilia kwa shida. La mateke hakuwa naye. Ndio hesabu nnayoiona mie. Mashua ikivuja sehemu mbili huanzi na ile inayoonekana na watu, unaanza na ile itakayokuzamisha.

Shangani77

Na lile la kushikilia kwa shida likapasuka dakika ya tatu. Sibadilishi neno.

Mwl_Netiboli

Nimesoma nikacheka peke yangu ofisini, maana nyinyi wanaume mnazungumza kama jambo hili linatokea Paris tu.

Mimi nafundisha skuli, na netiboli ya wasichana iko mikononi mwangu miaka mingi. Uwanjani saba, orodha inaruhusu 12. Mwaka mmoja tumepangiwa mashindano ng'ambo ya kisiwa, gari tuliyopewa ina nafasi 14 pamoja na dereva. Mimi mmoja, mama wa huduma ya kwanza mmoja, dereva. Wamebaki wasichana 11. Usiku ule nimekaa na karatasi na penseli, nimeandika nikafuta mpaka karatasi imetoboka.

Nilikuwa na mfungaji wa pili, hodari, anafunga akiwa amefumba macho, lakini umtoe pale chini ya goli hajui aende wapi. Na nina mwengine, wa kawaida tu, hana jina, lakini umuweke mlinzi anacheza, umuweke kati anacheza, umwambie kaa nje ushike chupa za maji anashika na hanuni. Nikamchukua huyu wa pili. Siku ya pili ya mashindano mlinzi wangu kifundo kimevimba, huyo mtoto kaingia, kacheza mechi tatu.

Kwa hiyo huyo Fourie wenu mimi namjua. Kila timu inamtaka mmoja. Hapigwi picha.

Ila neno langu lengine ni hili. Yule mfungaji niliyemuacha nilimfuata kwao, jioni, mama yake anakaanga mihogo. Nikamwambia mbele ya mama yake kwa nini. Alilia, alinikasirikia mwezi mzima, lakini alirudi mazoezini. Makocha wengi wanabandika karatasi na kukimbia.

Kahawa_Chungu

Mwalimu, gari lenyewe nalijua, viti viwili vilikuwa havina egemeo.

Mwl_Netiboli

Vitatu.

Dago_Kojani

Kubandika karatasi! Mwalimu umenichoma mshale palepale.

Mie ni ntu wa Kojani, Pemba, kazi yangu bahari, ila ujanani nkicheza mpira na nkiujua. Kuna mwaka timu moja (nisiitaje, wenyewe wahai na watu wazima sasa) ilitaka vijana wa majaribio Unguja. Habari tumeipata Alkhamisi. Majaribio Jumamosi asubuhi. Sasa hesabu nawe: kutoka Kojani uvuke kwa mashua, upande gari mpaka Chake, ushuke mpaka bandari ya Mkoani, upande meli ya usiku, hujalala, umejikunja juu ya magunia, watu wanatapika kulia na kushoto. Alfajiri umefika mjini, chai hujanywa, unaambiwa vaa njumu. Tulikuwa watatu. Wenzetu wa mjini wameamka kwao, wamekunywa chai, wametembea kwa miguu mpaka uwanjani.

Nkacheza dakika 15. Yule aliyekuwa akiandika hakuuliza hata jina la baba. Jumatatu karatasi imebandikwa mlangoni, jina langu lilikuwepo, limekatwa kwa peni, limeandikwa jengine juu yake. Herufi zangu zilikuwa zinaonekana chini, kama samaki chini ya maji.

Kisha wasema Wapemba hawaitwi kwa sababu hawajui mpira.

mtoto_wa_Ngambo

Haya, hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Kila uzi wa timu hapa mwisho wake ni Unguja na Pemba. Kocha aitwe achague bora, basi. Mkianza kugawa nafasi, watano wa huku watano wa kule, hamfiki popote.

Dago_Kojani

Nani kakwambia ugawe? Nimesema ulete meli ya mchana.

Shangani77

Hahaha. Ami kamaliza.

FundiBaridi

Mtoto wa Ng'ambo, usilifunge haraka hivyo, kwa sababu kwenye raga ya Afrika Kusini huu ndio mjadala wenyewe, na wao wana jeraha kubwa kuliko letu.

1995, kombe lao la kwanza, nchi imetoka kwenye ubaguzi juzi tu. Kwenye kikosi asiye mzungu ni mmoja, Chester Williams. Na hata huyo mmoja mwanzo hakuwemo, msuli wa paja ulimuondoa. Ikaja mechi na Canada, watu wakapigana ngumi uwanjani, winga wao Pieter Hendriks kafungiwa. Nafasi imepatikana, kaitwa Chester. Mechi yake ya kwanza, robo fainali na Samoa Magharibi, kafunga trai nne, yaani kautua mpira nyuma ya mstari wa wenzake mara nne. Nne! Nchi nzima ilikuwa na picha zake ukutani na orodha ya kwanza haikuwa na jina lake.

Miaka 24 baadae, 2019, kombe kalinyanyua Siya Kolisi, mtoto wa Zwide, mtaa wa watu maskini. Katikati ya hapo wamebishana sana: idadi ipangwe au isipangwe, huyu kaitwa kwa rangi au kwa mguu. Nnavyoona mie, kilichosaidia zaidi ni pale walipoanza kupeleka macho na nafasi za masomo kwa watoto ambao zamani hakuna aliyewatazama. Kolisi kaonekana akiwa mtoto wa miaka 12, akapata nafasi ya skuli nzuri yenye raga. Ndio meli ya mchana ya ami Dago.

mtoto_wa_Ngambo

Sawa, hapo nimekuelewa. Lakini kocha wa timu ya taifa ana wiki mbili. Yeye hajengi skuli wala haendeshi meli. Anachagua kwa alichokiona.

FundiBaridi

Kweli. Ndio maana lawama anazibeba yeye na kosa limefanywa miaka kumi nyuma.

Ami_wa_Nairobi

Salaam zenu kutoka Nairobi, nipo huku mwaka wa tisa, biashara ya viungo. Raga huku ni ya watu, wikendi vijana wanajaa Ngong Road pale uwanjani.

Mmeng'ang'ania ya watu 15. Mimi nawapa ile ya saba kila upande, ndiyo wanayoipenda Wakenya. Kule unachagua 12 tu, nusu moja dakika saba, lakini unacheza mechi tano sita kwa siku mbili. Kwa hiyo huchagui miguu, unachagua mapafu. Aprili 2016 Singapore, Kenya imewafunga Fiji fainali 30-7. Fiji, ambao miezi michache baadae walichukua dhahabu ya Olimpiki! Hapa Nairobi gari zilikuwa zinapiga honi mpaka usiku.

Sasa chukua Kenya hiyohiyo, ya 15 kila upande, Novemba 2018, Marseille, wanatafuta nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia. Canada 65-19. Ujerumani 43-6. Hong Kong 42-17. Mechi tatu, vipigo vitatu. Mbio wanazo, ila kwenye skramu walikuwa wanarudishwa nyuma kama mkokoteni kwenye mlima. Namba 1, 2, 3 hawanunuliwi dukani wala hawapatikani kwa wiki mbili, wanachukua miaka kuiva. Kwa hiyo Fundi yuko sawa kwenye lile la mstari wa mbele. Na Shangani yuko sawa vilevile: kumwacha namba 2 nyumbani ni kucheza na moto.

Shangani77

Ahsante ami. Angalau mmoja kasoma shule.

Mwl_Netiboli

Skuli.

Kahawa_Chungu

Mie nimebaki kwenye 1995. Mwaka huo huo si ndio sisi Zanzibar tulichukua Chalenji, kombe la mpira la Afrika Mashariki na Kati? Mzee wangu mpaka leo akilitaja lile kombe sauti inabadilika. Basi raga na mpira tulikuwa mabingwa pamoja, wao wa dunia, sisi wa ukanda. Mwiko kumwambia mzee kama si sawasawa.

mtoto_wa_Ngambo

Na 2017 tulikaribia. Machakos, fainali na Kenya, 2-2, penalti zikatutoa. Kikosi kile cha Hemed Morocco nani alikipa nafasi? Watu waliuliza hawa ni nani. Tumewafunga Bara, tumewafunga Uganda. Baadae ndio kila klabu ikaanza kuwafahamu wale vijana.

Dago_Kojani

Na Januari 2025 Gombani nlikuwepo, Zanzibar Heroes mbili Burkina Faso moja, Kombe la Mapinduzi. Kombe limechukuliwa Pemba, watu wa Unguja ndio waliopanda meli. Nliwaona bandarini, wamekunjana. Nkafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Shangani77

Mimi ni mmoja wao. Nilitapika Mkoani yote.

FundiBaridi

Ami Dago, kwa vile wewe mvuvi, nina kisa chako. Nilikiweka mwisho makusudi.

2011, Kombe la Dunia New Zealand, kwao. Namba 10 wao ni Dan Carter, pengine bora kupata kutokea. Kaumia kinena mazoezini, kombe limekwisha kwake. Wa pili Colin Slade, kaumia robo fainali. Kabaki wa tatu, kijana Aaron Cruden. Kocha anataka wa nne wa akiba. Wa nne ni Stephen Donald, ambaye mwaka uliotangulia alifanya makosa kwenye mechi na Australia, nchi nzima ikamtukana, akaachwa. Anapigiwa simu, hapatikani. Yuko Mto Waikato anavua. Na si samaki wakubwa, ni vile vidogo vyeupe, kama dagaa wetu, unavua na wavu.

Kaja. Hata mazoezi ya maana hana, mwili umeongezeka. Fainali na Ufaransa, Cruden goti limepinda kabla ya mapumziko. Kaingia Donald, jezi imembana inapanda juu mpaka tumbo linaonekana. Kipindi cha pili imepatikana penalti, kapiga yeye, imeingia. Mechi imekwisha 8-7. Hesabu mwenyewe, toa tatu zake.

Namba 10 wa nne, yakhe. Kutoka kwenye wavu wa dagaa.

Dago_Kojani

Wallahi huyu nampenda. Huyu ni Nkojani aliyepotea njia.

Suali: zile dagaa alizokwisha kuzivua alimwachia nani?

FundiBaridi

Hilo hawakuandika.

Dago_Kojani

Ndio maana siwaamini waandishi. Ntu ana dagaa kwenye wavu, jua linapanda, wee waniuliza penalti.

Mwl_Netiboli

Lakini tazameni, kocha alikuwa na namba yake ya simu. Mtu wa nne, aliyetukanwa, na bado namba yake ilikuwa imehifadhiwa. Mimi wasichana niliowaacha namba za mama zao zote ninazo kwenye daftari. Mwaka huu nimempigia mmoja.

Shangani77

Haya Fundi, nakupa nusu. Pollard alistahili kuwemo tokea Agosti, kigimbi kile kingepona njiani, wangekuwa na namba 9 watatu na Pollard, na Marx alipoumia wangeita namba 2 kwa raha zao. Kosa la Agosti lilitengenezwa Septemba. Si akili, ni kujisahihisha.

FundiBaridi

Hiyo naichukua. Sijawahi kuiona hivyo.

Kahawa_Chungu

Uzi umefika posti ya thelathini na hakuna aliyetukanwa. Moderata piga picha.

mtoto_wa_Ngambo

Mechi hizi mjini zinaonyeshwa wapi? Au mpaka mtu avunje kiyoyozi cha hoteli?

FundiBaridi

Njoo Kiwengwa. Ngazi ipo, inabeba wawili.

Dago_Kojani

Mie natoka, maji yanajaa, wenzangu wananiita. Tunakwenda dago, kambi ya wavuvi, wiki mbili, kule simu haishiki. Kocha akipiga mwambieni asikate jina kwa peni. Ntarudi.